Kwa Nini Nizwa Haikuzaa Kampuni ya Vipimo

Mwishoni mwa Juni 2018 mji wa Quriyat wa Omani, ulio pwani kwenye njia ya kutoka Maskati kwenda Sur, ulipitisha usiku na mchana mzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Wafuatiliaji wa hali ya hewa duniani walisema hapajapata kuandikwa, mahali popote, siku ambayo joto lake la chini kabisa lilikuwa juu kiasi hicho. Magazeti yakashughulika na jasho, viyoyozi na mabadiliko ya tabianchi, na ilikuwa haki yao. Mimi nimebaki na ile sita iliyo baada ya nukta. Arobaini na mbili angeweza kuisema hata mwenye duka aliyetundika kipimajoto mlangoni. Sita inadai mengine: kifaa kilichofungwa mahali palipochaguliwa, kikakingwa jua lisikipige moja kwa moja, kikalinganishwa na kifaa bora zaidi yake, na karatasi iliyowekwa sahihi kuthibitisha hayo. Bila karatasi hiyo, sita ni pambo tu. Na vifaa vya namna hiyo, kuanzia Ghuba hadi Afrika Mashariki, karibu vyote hutujia vikiwa vimefungwa kwenye maboksi kutoka kwa watu wengine, pamoja na karatasi zake.

Husemwa kwamba hali hii ni ya kawaida kwa sababu sayansi ya vipimo ilianzia kwingine. Sikubaliani. Bara la ndani la Omani, tangu Nizwa na Izki hadi Ibra na Al-Mudhaibi, lilikuwa na utaratibu wa vipimo uliokuwa mkali kuliko wa nchi nyingi zilizokuja kuwa maarufu kwa viwanda vya vifaa vya sayansi. Kilichokosekana huku hakikuwa akili, wala hakikuwa fedha, maana mafuta yamekuwa yakisafirishwa tangu 1967. Kampuni ya vipimo huzaliwa pale ambapo kuna ofisi ya umma isiyoweza kulala bila kipimo sahihi, na ofisi hiyo ikakubali kununua kwa mtu wake wa nyumbani kabla kazi yake haijakamilika. Omani ilikuwa na sharti la kwanza, yaani ofisi. La pili, yaani mnunuzi wa nyumbani, halikuwahi kuunganishwa nalo.

Tazama Vaisala ya Finland, ambayo vihisi vyake vya joto, unyevu na mgandamizo wa hewa vimo katika viwanja vya ndege na viwanda vya dawa vya nchi nyingi, na vingine vimefika hata kwenye sayari ya Mars. Historia yake husimuliwa kama habari za mtu mmoja. Vilho Väisälä, aliyezaliwa 1889, alisoma hisabati, akaajiriwa na taasisi ya serikali ya hali ya hewa, na tarehe 30 Desemba 1931 akarusha puto lililobeba kifaa chenye redio ndogo, kikawa kinatuma vipimo vya anga za juu kikiwa bado kinapanda. Kabla ya hapo, wataalamu walirusha vifaa vilivyojiandikia vyenyewe, kisha wakangoja viokotwe vilikoanguka. Na katika nchi iliyojaa misitu na maziwa, vingi havikuokotwa. Mwaka 1936 Väisälä alianzisha kampuni. Ukiisikia hivyo, utadhani siri nzima ilikuwa kipaji. Lakini Väisälä hakuwa wa kwanza. Robert Bureau wa Ufaransa alikwisha kufanya jambo hilo mwaka 1929, na Pavel Molchanov wa Urusi ya Kisovieti mnamo Januari 1930. Wote walikuwa na vipaji, na nchi zao zilikuwa kubwa na tajiri kuliko Finland, iliyopata uhuru wake 1917 na kuwa na watu wapatao milioni tatu na nusu. Kwa hiyo swali la maana ni kwa nini jina lililobaki sokoni ni la mtu wa Helsinki.

Sehemu ya jibu imo ndani ya kifaa chenyewe. Puto lilipokuwa likipanda, hewa ilizungusha feni ndogo, feni ikazungusha swichi, na swichi ikaiunganisha redio na vihisi kwa zamu. Kila kihisi kilibadilisha masafa ya redio kwa kiasi chake. Ila katika zamu hizo Väisälä aliweka pia kapasita mbili ambazo thamani yake haibadiliki. Basi aliyekaa chini na chombo cha kupokelea, kila mzunguko alipata kwanza alama mbili anazozijua tangu nyumbani. Akiona zimesogea, anajua kifaa kimepotoshwa na baridi au betri kwa kiasi gani, anarekebisha, ndipo anasoma joto. Kwa maneno mengine, kifaa kilikuwa kinajikagua njiani, na hesabu ya kosa lake ilikuwa wazi kwa yeyote anayesikiliza. Hiyo si fikra ya mtu anayetafuta sifa ya uvumbuzi. Ni fikra ya mtumishi wa idara ambaye kesho asubuhi lazima atoe utabiri, na ambaye akikosea ataulizwa.

Sehemu ya pili ni wanunuzi. Mwaka huohuo wa 1936, Carl-Gustaf Rossby, mtaalamu wa asili ya Sweden aliyekuwa akifundisha kwenye chuo cha teknolojia cha Massachusetts, MIT, aliagiza vifaa ishirini. Ishirini tu. Lakini oda ya vifaa ishirini kutoka kwa mtu anayejua kuvikosoa ina uzito kuliko oda ya elfu mbili kutoka kwa mtu asiyejua anachonunua. Mtindo huo uliendelea hata baada ya mwanzilishi kufariki 1969. Kampuni ilipotaka kihisi kipya cha unyevu badala ya vile vya zamani, utafiti ulifanyika katika kituo cha taifa cha utafiti wa kiufundi, VTT, chini ya Tuomo Suntola, na matokeo yake yakaingia sokoni 1973 kwa jina la Humicap: utando mwembamba unaonyonya unyevu wa hewa na kubadilisha uwezo wake wa kuhifadhi umeme. Na vihisi vilivyotua Mars mwaka 2012 ndani ya gari la Curiosity vilipelekwa na taasisi ileile ya hali ya hewa aliyotokea Väisälä. Serikali haikuitengeneza kampuni, ila kila kampuni ilipovuka mto ilikuta serikali imesimama ng'ambo.

Sasa tuje Nizwa, kwenye falaji, yaani mifereji ya kumwagilia. Falaji ya Daris, mojawapo ya zile tano zilizoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006, pamoja na Al-Khatmain ya Birkat al-Mawz, Al-Malki ya Izki, Al-Jeela ya upande wa Sur na Al-Muyassar ya Rustaq, huletea mitende maji kwa mteremko peke yake, bila pampu. Watalii huonyeshwa mfereji na kuambiwa habari za wachimbaji wa handaki. Ni kazi ya kustaajabisha kweli. Lakini handaki ni nusu ya falaji. Nusu nyingine ni kugawa. Maji yana wenyewe wengi, nao huyamiliki kwa muda. Kipande cha kawaida ni athari, ambayo ni kama nusu saa. Athari ishirini na nne hufanya badda moja, na athari yenyewe hukatwa kuwa kiyasi ishirini na nne. Piga hesabu: kiyasi kimoja ni sekunde 75. Mtu aliweza kurithi, kuuza, kukodi au kuuweka wakfu kwa msikiti muda usiofika dakika moja na nusu wa maji yanayopita, na mwenzake akaukubali muda huo kuwa umepimwa kwa haki.

Ulipimwa kwa nini? Mchana kwa kivuli. Fimbo ilisimikwa kwenye uwanja wazi, na ardhini zikapangwa alama za mawe. Kivuli kikifika alama fulani, mlango wa mfereji unafungwa kwa jirani na kufunguliwa kwako. Huko Al-Mudhaibi, katika Sharqiyah, kuna saa ya kivuli ya namna hii ambayo hadi leo watu huenda kuitazama. Usiku walipima kwa nyota, wakizitazama zinapochomoza au kuzama nyuma ya kilele cha mlima unaojulikana au ukuta uliojengwa kwa kazi hiyo. Mtafiti Harriet Nash alitumia miaka kuandika habari za nyota hizo kijiji kwa kijiji, na alilolikuta ni kwamba wapimaji wa mahali pawili hawakutumia orodha moja. Kila kijiji kilikuwa na nyota zake na majina yake, kulingana na upeo wa macho uliopo pale. Ubaya wa njia hizi unaonekana mara moja: kivuli cha kiangazi na cha baridi havilingani, na urefu wa usiku hubadilika. Wenyewe walilijua. Ndiyo sababu duru nyingi zilipangwa ili aliyepata maji mchana safari hii ayapate usiku safari ijayo, hitilafu isimwangukie mtu mmoja mwaka mzima. Hawakuiondoa, waliigawana, na huo ni ufahamu wa kina kuhusu maana ya kupima.

Kilichoufanya utaratibu huu usimame kilikuwa ofisi. Falaji kubwa ilikuwa na wakili anayeisimamia, arifu anayesimamia zamu, mtu wa kutunza daftari na fedha, na dalali wa kunadi hisa za maji ambazo hazina mwenyewe mmoja. Mapato ya mnada yalirudi kukarabati mfereji. Kila siku arifu alipimwa na watu walio na sababu ya kumpinga: akikawia kukisoma kivuli kwa kiyasi viwili, kuna jirani ambaye mgomba wake umekosa maji, naye yuko papo hapo ameshika jembe. Kosa la kipimo lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na jina. Nikitazama masharti ambayo Helsinki iliyapata katika miaka ya 1930, sioni ambalo Nizwa haikuwa nalo miaka mia mbili kabla: rekodi ya kudumu, mtaalamu anayelipwa kwa kazi hiyo, mteja mkali, na njia ya kukagua. Pwani nako hapakuwa na upungufu. Manahodha wa Sur, waliokuja kwetu na kaskazi na kurudi na kusi, walirithi elimu ya Ahmad ibn Majid, aliyeandika katika karne ya 15 namna ya kupima kimo cha nyota kwa vidole na kwa kibao chenye kamba ya mafundo, na namna ya kuhamia kwenye nyota nyingine pale Nyota ya Kaskazini inapozama kwa anayeshuka kuelekea Mombasa na Unguja.

Halafu ikaja saa ya mkononi. Kwa falaji nyingi ilichukua nafasi ya nyota na kivuli katika nusu ya pili ya karne iliyopita, na leo ni vijiji vichache tu ambako mtu anaweza kukuonyesha nyota za zamu. Sililii jambo hilo. Saa ya kwats ni sahihi kuliko fimbo, na mkulima ana haki ya kulala. Hasara iko kwingine: kipimo kilipotoka mikononi mwa arifu hakikwenda kwa mtu mwingine yeyote wa hapo. Hapakutokea fundi wa Ibra wa kutengeneza saa ya falaji, wala chuo cha kumfundisha, kwa kuwa vyuo vikuu vilikuja baadaye: Sultan Qaboos mwaka 1986, Nizwa 2004, A'Sharqiyah ya Ibra 2009. Wakati huohuo zikaingia pampu za dizeli. Pampu ilivuta maji chini ya ardhi kwa kasi isiyojulikana, na falaji ikaanza kuonyesha kasoro ambayo kivuli na saa vyote viwili haviwezi kuiona. Vyombo hivyo hupima muda. Havipimi maji. Athari inabaki nusu saa ileile hata kama mfereji umepungua nusu, na mwenye hisa anaendelea kupata haki yake yote ya kitu kinachokwisha. Amri ya kifalme ya 1988 ilitangaza maji kuwa rasilimali ya taifa, na visima vipya vikakatazwa ndani ya kilomita tatu na nusu kutoka kisima mama cha falaji, yaani kisima cha chanzo chake. Ni sheria nzuri. Lakini umbali ni kipimo cha kukisia; kinachotakiwa kujulikana ni kina cha maji ndani ya kisima mama leo, na kasi ya maji kwenye mfereji leo, na hayo hayajulikani bila kihisi.

Hapa ndipo ninapoona soko ambalo wengine wanasema halipo. UNESCO inataja kiasi cha falaji elfu tatu zinazofanya kazi hadi sasa. Kila moja inahitaji kifaa cha kupima kina na mtiririko kinachoweza kukaa miaka kwenye maji yenye chokaa inayoganda juu ya kila kitu, pamoja na makuti, mchanga, samaki wadogo wanaoishi humo, na watoto wanaoogelea. Kifaa kilichobuniwa kwa mto wa Ulaya hakikubuniwa kwa hayo, na kampuni kubwa hazina sababu ya kukibuni, kwani falaji elfu tatu kwao ni oda ndogo. Kwa karakana ya Nizwa yenye mafundi kumi ni kazi ya miongo. Ongeza mabonde, yale yanayoitwa wadi. Tarehe 14 Aprili 2024 mvua kubwa iliteremsha wadi huko Samad al-Shaan, katika wilaya ya Al-Mudhaibi, ikachukua watu zaidi ya kumi, wengi wao watoto wa shule. Sitadai kwamba kihisi kingewaokoa, maana kati ya kipimo na dereva wa gari kuna mlolongo mrefu wa watu na maamuzi. Ninachodai ni kwamba nchi ambayo wadi zake huteremka namna hiyo ina sababu nzito kuliko Finland ya kuwa na watu wake wanaojua kutengeneza na kukagua vipimo vya maji.

Nitaambiwa kwamba Omani ni ndogo. Ina watu kiasi cha milioni tano ukiwahesabu na wageni, nayo ni zaidi ya Finland ya Väisälä, ambayo nayo mteja wake wa kwanza wa nje alikuwa ng'ambo ya Atlantiki. Nitaambiwa, kwa nguvu zaidi, kwamba vihisi siku hizi ni rahisi, kwamba kutoka Shenzhen, China, unaweza kuagiza kipima kina kwa bei ya chakula cha jioni, kwa nini basi mtu ajisumbue. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba hakuna anayepaswa kutengeneza upya ile punje ya silikoni iliyo ndani ya kihisi. Lakini urahisi wa punje umehamisha kazi, haujaifuta. Thamani sasa iko katika kasha linalostahimili, katika nishati, katika programu inayokataa namba za uongo, na zaidi ya yote katika ugezi, yaani ile kazi ya kulinganisha kila kifaa na kipimo cha marejeo na kukipa karatasi. Kifaa rahisi kisichogezwa ni ghali mno, kwa sababu kitakupa namba kila dakika kumi kwa miaka mitatu, na mwisho wa miaka mitatu hutajua ni namba zipi za kutupa. Duka linaweza kuuza punje. Karatasi haiuzwi dukani, nayo hutolewa na maabara iliyo karibu kiasi cha kupakia kifaa kwenye gari na kukirudisha kabla ya Ijumaa.

Kuna pingamizi jingine ambalo huja kwa sauti ya heshima: kwamba falaji ni turathi, tuiache katika makumbusho na tusiitwishe mzigo wa viwanda. Wanaosema hivi wanaipenda falaji, lakini wanaipenda kama jengo. Chuo Kikuu cha Nizwa kina kiti cha UNESCO cha masomo ya falaji, kinachoongozwa na Abdullah al-Ghafri, ambaye amefanya kazi kubwa ya kueleza jinsi hisa na zamu zilivyopangwa. Elimu hiyo ikibaki kwenye vitabu vya historia ya kilimo itakuwa imetumika nusu. Aliyebuni duru inayogawana hitilafu kati ya usiku na mchana alikuwa anatatua tatizo lilelile ambalo Väisälä alilitatua kwa kapasita mbili: utafanyaje kipimo kiaminike wakati unajua kina hitilafu. Mwanafunzi wa uhandisi wa Nizwa anayefundishwa jambo hilo kwa mfano wa Helsinki peke yake amenyimwa mfano ulio nyuma ya nyumba yao.

Upande wetu wa bahari hatuna pa kuchekea. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1929 na kuwa na makao Nairobi, ilikuwa ofisi ya aina ileile niliyoieleza: vituo tangu Uganda hadi pwani, rekodi moja, wakaguzi wa vifaa. Ilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, kila nchi ikachukua chake, na tangu hapo kila nchi hununua peke yake kwa zabuni yake, jambo linalowafaa wauzaji. Nairobi imebaki na kituo cha kikanda cha vifaa kinachotambuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na maabara za ugezi zipo Dar es Salaam na Nairobi katika mashirika ya viwango. Kisha ukaja mradi wa TAHMO, wazo la Nick van de Giesen wa Delft na John Selker wa Oregon, uliolenga vituo 20,000 vya hali ya hewa kusini mwa Sahara, vingi vikiwekwa kwenye viwanja vya shule. Kituo chao hakina hata sehemu moja inayozunguka. Mvua huhesabiwa tone kwa tone linapogusa ncha mbili za dhahabu. Ni ufundi wa kupendeza. Ulitoka Pullman, katika jimbo la Washington, kwa kampuni iliyoanzishwa 1983 na Gaylon Campbell, mtaalamu wa fizikia ya udongo wa chuo kikuu cha mji huohuo, pamoja na familia yake. Hadithi ni ileile tena: mtu wa taasisi ya umma aliyechoka kukosa kifaa anachokihitaji, na wateja wa kwanza ambao ni watafiti wenzake. Vituo mia kadhaa vimesimama Afrika, na vimesaidia. Ila mwalimu wa shule anayelinda kituo hicho hajaombwa kamwe kukikosoa, na mkulima anayepata utabiri hajui kwamba njia ya tone hilo inaweza kuziba kwa vumbi.

Wapo watakaosema ninadai serikali zichague washindi, na kwamba historia ya viwanda vya serikali, huku kwetu hasa, ni ya kusikitisha. Ni kweli, na ndiyo sababu sisemi ijengwe kiwanda. Väisälä hakujengewa kiwanda. Alinunuliwa bidhaa. Omani tayari ina desturi ya kudai thamani ya ndani katika mikataba ya mafuta, yaani sehemu ya kazi na manunuzi ibaki nchini, na visima vya mafuta hutumia vipimo vingi vya mgandamizo na mtiririko; lakini ukiacha thamani hiyo ijipimie yenyewe itaishia kwenye kupaka rangi mabomba, kulisha wafanyakazi na kuendesha malori. Kuna watu wa kufanya zaidi ya hapo. Miaka ya 1970 Omani iliposimama upya, wengi waliokuja kutoka Unguja, Pemba na bara, wenye shule na Kiswahili chao, waliingia ofisini, hospitalini na katika makampuni wakaziendesha. Wajukuu wao wamehitimu uhandisi na hutumia siku zao kujaza fomu za kuagiza vifaa walivyofundishwa kuvitengeneza.

Basi jambo la kufanya ni dogo kuliko linavyosikika. Wizara inayosimamia maji ichague falaji kumi za mkoa wa Dakhiliyah, ule wa Nizwa, na kumi za Sharqiyah, ziwe za daudi zinazotoka handakini na za ghaili zinazotoka wadini, kubwa na ndogo. Itangaze zabuni ya kupima kina na mtiririko, ikiruhusu kampuni changa na karakana za vyuo viwili vya Nizwa na Ibra, kwa sharti kwamba kila kifaa kigezwe ndani ya nchi mara mbili kwa mwaka na namba zake zibandikwe mahali ambapo mnada wa maji hufanyika, mbele ya wenye hisa. Wenye hisa ndio wakaguzi. Hakuna mkaguzi wa wizara atakayeshindana nao kwa ukali, kwani kila kosa linawagusa mfukoni. Vifaa vya mwaka wa kwanza vitaharibika vingi, chokaa itavila, na gazeti fulani litaandika kwamba fedha za umma zimetupwa mferejini. Mkataba uandikwe kwa kulitarajia hilo, useme wazi kwamba vifaa ishirini vya kwanza vitalipwa hata kama saba vitakufa, mradi kila kilichokufa kifunguliwe, kiandikwe kilikufa kwa nini, na daftari hilo liwekwe kwa wakili wa falaji.